Jeki aende wapi? Nyumba nne zinazomtaka shepadi mmoja mzima

Shemeji yangu amehamishiwa Dodoma kikazi, na mwenye nyumba aliyempangisha huko amesema wazi kwamba mbwa hataki. Kwa hiyo Jeki amebaki kwangu Goba. Ni jemani shepadi dume, miaka sita, kilo 38 alipopimwa mara ya mwisho. Mimi nina mbwa wawili wazee na uwanja wa kugeuzia gari tu. Kila asubuhi namkuta amelala mbele ya geti, pua ameiingiza kwenye uwazi wa chini, anasubiri gari ambalo haliji. Namtafutia kwao, na nataka akihama awe amehama kwa mara ya mwisho.

Picha yake ilipozunguka kwa ndugu na marafiki, simu ziliita kutwa. Swali la kwanza la mpigaji lilinitosha kumjua. "Anapandisha?" Huyo anatafuta dume la mbegu, watoto wauzwe. Nikimjibu kwamba amehasiwa, na kweli amehasiwa, anashukuru na kukata. Kama wako bado, mpeleke kwa daktari wa mifugo kabla hujatangaza kwamba unamtoa. Foleni itapungua, na watakaobaki watakuwa wanamtaka yeye. "Ni mkali?" Huyo namsikiliza, ila namwuliza anamtaka awe mkali kwa nani. "Anakula nini?" Huyo namwandika kwenye daftari. Baada ya wiki mbili daftari lilikuwa na majina manne, na nyumba zote nne nimezitembelea mwenyewe, Jeki akiwa kiti cha nyuma. Naziweka hapa bega kwa bega, kwa yeyote aliyebaki na mbwa mkubwa na hajui ampeleke wapi.

Kabla ya nyumba, mbwa mwenyewe

Wengi wakimwona shepadi wanaona ukuta wenye meno. Aina hii ilianza kuandikishwa Ujerumani mwaka 1899, pale Max von Stephanitz, aliyekuwa afisa wa jeshi la farasi, alipomnunua mbwa mmoja wa kondoo, akampa jina Horand von Grafrath na kumwandika wa kwanza kwenye daftari la aina hiyo. Kazi ya mbwa hao ilikuwa ya miguu na macho. Mbwa anatembea kutwa ukingoni mwa kundi, kondoo huku, shamba la mtu kule, anawazuia wasile mazao, na kila baada ya hatua chache anamtazama mchungaji ajue kinachofuata. Huko kumtazama mtu kumebaki kwenye damu. Nikitoka jikoni kwenda kufua, Jeki anahama nami. Nikirudi jikoni, anarudi.

Dume mzima ana sentimita 60 hadi 65 begani na kilo 30 hadi 40. Wengi huishi miaka 9 hadi 13, kwa hiyo Jeki ameshafika nusu ya pili ya safari. Ana mazoea yake. Nyonga, ambazo ni udhaifu wa kurithi wa aina hii, zimeanza kumsumbua akinyanyuka asubuhi. Ana manyoya ya tabaka mbili yanayofaa baridi, naye anaishi Dar es Salaam yenye Februari yake.

Ndiyo maana kila nyumba niliiuliza swali moja kabla ya mengine yote: saa nane mchana, siku ya kazi, nani yuko na Jeki?

Godauni, Barabara ya Nyerere

Aliyepiga ni meneja wa godauni moja kwenye eneo la viwanda, mtu mstaarabu kabisa. Ukuta mrefu, taa, walinzi wawili usiku, chakula cha kantini. Akanipeleka kuona banda: bati juu, zege chini, na katikati nguzo ya chuma yenye mnyororo. Zege lililoizunguka nguzo lilikuwa limelainika na kuwa jeusi kwa duara kamili, kazi ya miguu ya mbwa waliotangulia. Ilikuwa saa nane na dakika chache. Niliinua mkono nikagusa bati kwa ndani, nikautoa haraka. Maji yalikuwa kwenye dumu lililokatwa, kuta zake zina ukijani.

Mbwa hana jasho kama letu. Anajipoza kwa kuhema, na kuhema kunasaidia pale tu hewa inapoweza kubeba unyevu wake. Hewa ya Dar kuanzia Desemba hadi Machi, joto likipita nyuzi 30, imeshajaa unyevu wa bahari. Mbwa mwenye koti zito chini ya bati, kwenye mnyororo usiofika kivulini, anaweza kufa kwa joto mchana mmoja tu.

Hapa nimewahi kukosea, na kosa lile ndilo linalonifanya niandike. Miaka kadhaa iliyopita nilimtoa jike la shepadi kwa kampuni moja ya ulinzi. Niliahidiwa banda, daktari, matembezi. Nilipopita kumwona baada ya miezi mitano alikuwa na kidonda cha mnyororo shingoni chenye upana wa kidole. Niliuliza walinzi waliokuwepo anaitwaje. Hakuna aliyejua. Waliompokea walikuwa wameshahamishiwa vituo vingine, na jina lake lilikuwa limeondoka nao. Nilimchukua siku hiyo hiyo. Tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inayokataza kumtesa mnyama, lakini mimi sikuhitaji sheria kujua kwamba nilimpeleka pale kwa miguu yangu.

Sisemi kazi ya ulinzi ni mbaya kwa kila shepadi. Mbwa kijana aliyefundishwa kazi, mwenye mtu mmoja anayemwongoza kila zamu, anayemlisha na kumrudisha bandani mwenyewe, huyo ana raha kuliko wengi wanaozeeka kwenye viwanja vya nyumba za kifahari. Ukipata godauni la namna hiyo, omba kuonana na huyo mtu kabla ya meneja. Mimi nilipoomba, niliambiwa walinzi wanabadilishwa kila mwezi.

Shamba la mbuzi, Miono

Kila niliyemsimulia habari za Jeki alinijibu hivyo hivyo: mpeleke shamba, mbwa wa mchungaji si ni wa mifugo? Kijana mmoja wa ukoo wetu ana mbuzi 40 na eneo kubwa huko Miono, upande wa Chalinze, kuelekea hifadhi ya Saadani. Nilikwenda moyo ukiwa umeshakubali.

Nilimshusha Jeki akiwa kwenye kamba. Mbuzi mmoja akashtuka, akakimbia. Jeki akainamisha kichwa, masikio mbele, mkia umenyooka, na kamba ikanichuna kiganja. Pale hapakuwa na uchungaji wowote. Alikuwa anawinda.

Kuna mbwa wa kulinda kundi, kama wale wakubwa wa Anatolia kule Uturuki, ambao Namibia pia wanawatumia kuwakinga mbuzi dhidi ya duma. Hao hukuzwa zizini tangu wadogo, wanalala na mbuzi, wanawaona ni wenzao, na wanaweza kuachwa nao peke yao. Shepadi ni mfanyakazi wa mchungaji. Mchungaji akiondoka, kazi imekwisha, na kinachobaki ni mbwa wa kilo 38 na kitu kinachokimbia. Anaweza kufundishwa, hata mtu mzima kama Jeki, lakini mwalimu awepo kila siku kwa miezi. Kijana wetu anashinda Dar siku nne za wiki, na anayebaki na mbuzi ni mtoto wa miaka kumi na mitatu.

Halafu kuna mbung'o. Ni wadudu wale wale wanaosambaza malale kwa binadamu, na mbwa wakiumwa nao wanapata nagana: homa, kukonda, macho kuingia ukungu wa buluu, na asipotibiwa mapema hufa. Pori la upande ule linao. Mwenyeji alinionyesha mmoja aliyetua kwenye mlango wa gari, mabawa amelalia moja juu ya jingine kama mkasi uliofungwa. Kumpata daktari mwenye dawa ya mbwa, usiku, kutoka pale, ni safari ya masaa.

Ningekuwa na mbwa wa kienyeji aliyezaliwa huko ningemwachia kwa amani. Jeki nilirudi naye, amelala kutwa nzima ya barabara.

Familia, Madale

Nyumba hii karibu inishinde. Ukuta mzuri, nyasi, baba na mama waliosoma mambo ya mbwa, watoto wawili wa miaka minane na minne ambao walikuwa wameshamchorea Jeki picha. Aliingia akazunguka uwanja, kisha akaanza kazi ya mababu zake: kila mtoto mdogo alipoelekea getini, Jeki alipita mbele na kumsukuma kwa bega arudi barazani. Mara ya tatu mtoto akaanguka chali. Hakulia, alicheka. Hakukuwa na ubaya wowote kwa mbwa, ila kilo 38 hazijui kwamba mbele yao kuna kilo 16. Mtoto mdogo na mbwa mkubwa wanahitaji mtu mzima kati yao kila wakati wawapo pamoja. Sijali mbwa ni mpole kiasi gani.

Na mtu mzima huyo ni nani? Baba na mama wanaondoka saa kumi na moja alfajiri kukwepa foleni ya kwenda Posta, wanarudi saa mbili usiku. Anayebaki ni binti wa kazi. Muda wote wa ziara yetu alikuwa amesimama nyuma ya mlango wa grili.

"Dada, unamwogopa?" nilimwuliza mbele ya bosi wake.

"Nitazoea," alijibu, mkono ukiwa kwenye komeo.

Hapo mwajiriwa hana jibu jingine. Nilimwomba mama mwenye nyumba ruhusa, tukazungumza wawili, naye akaniambia mdogo wake aliwahi kung'atwa na mbwa kijijini, na wakakaa siku nyingi wakisubiri kuona kama atapata kichaa. Anayebeba kumbukumbu hiyo hawezi kukabidhiwa mbwa mkubwa kwa saa kumi na tano kila siku, kwa mshahara ule ule. Nilimweleza yanayomfaa popote atakapokuwa: kidonda cha mbwa kioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa sindano, kwa sababu dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza karibu hakuna anayepona. Chanjo ya Jeki ni ya kila mwaka na kadi ninayo. Tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, sehemu nyingi huchanja mbwa bure, kwa hiyo ukosefu wa fedha si sababu ya kumnyima.

Kingine kidogo: sakafu yote ina vigae vinavyong'aa. Jeki alipogeuka haraka, miguu ya nyuma ilimponyoka pande mbili. Kwa mbwa mwenye nyonga dhaifu, sakafu ya namna hiyo inamchosha kila siku. Mikeka ingesaidia, na familia ilikuwa tayari kununua.

Mzee na mkewe, Kibada

Mwalimu mstaafu, miaka 66, na mkewe anayefuga kuku. Nyumba ndogo, uwanja wa mchanga, miembe miwili. Nilitegemea kupita tu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ndiye Jeki huyu?"

Hakunyoosha mkono kumgusa. Alivuta kigoda, akakaa ubavu, akaendelea kuzungumza nami habari za barabara na daraja, mkono mmoja ameuweka juu ya goti kama aliyeusahau pale. Jeki akanusa mti, akanusa ndoo, akanusa viatu vya mzee. Kabla chai yangu haijapoa alikuwa ameweka kidevu juu ya lile goti. Mzee akamaliza sentensi yake kwanza, ndipo akamkuna nyuma ya sikio, akaligeuza sikio, akatoa kupe mmoja ambaye mimi, kwa wiki zote nilizokaa na mbwa huyu, sikumwona. "Huwa wanajificha hapa na katikati ya vidole," aliniambia. Mbwa wao wa zamani alikufa mwaka jana kwa uzee.

Saa nane mchana hawa wawili wako chini ya mwembe.

Kasoro zipo, na sikuzifumbia macho. Kuku: Jeki aliwatazama jinsi alivyowatazama mbuzi. Mama alikubali wavu kati ya banda na uwanja, na kuku wasifunguliwe mbwa akiwa huru. Nguvu: mbwa akivuta kamba kwa ghafla, mzee wa miaka 66 anaweza kuanguka. Tulijaribu kwa mkanda wa kifuani unaofungwa kamba kwa mbele, ambao ukivutwa unamgeuza mbwa kumtazama mwenye kamba. Mzee alikwenda naye hadi dukani na kurudi, mimi nyuma yao.

Majirani ndio walionipa wasiwasi zaidi, maana msikiti uko viwanja viwili tu kutoka hapo na njia ya waumini inapita ukutani. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wa pwani wanayafuata, mate ya mbwa ni najisi, na yakimgusa mtu anaosha mara saba, moja kwa udongo. Mafundisho hayo hayo yanaruhusu mbwa wa ulinzi, wa kuwinda na wa mifugo. Jirani basi hana neno na mbwa aliye ndani ya geti. Neno lipo kwa mbwa anayemkuta njiani alfajiri akiwa na udhu wake. Kabla sijalitaja, mzee alikuwa ameshapita kwa majirani wote na wamekubaliana: geti kwenye komeo usiku kucha, matembezi saa moja asubuhi, kupitia njia ya upande wa pili. Katika nyumba zote nne, ni yeye peke yake aliyewauliza majirani.

Zikiwa bega kwa bega

Ukizipanga kwa ukubwa wa eneo, Miono ni ya kwanza, inafuata godauni, Madale, na Kibada mkiani. Ukizipanga kwa saa ambazo Jeki angekuwa na mtu anayempenda, Kibada inapanda juu, Madale inafuata, na nyumba mbili kubwa zinabaki chini. Watu wengi wanaotoa mbwa huuliza kwanza habari za uwanja. Uwanja mtupu shepadi anaumaliza kwa nusu saa, kisha anarudi kulala getini.

Kwa joto, Kibada na Miono zina kivuli na ardhi laini; Madale ina baraza nzuri; godauni halina cha kujitetea.

Kwa daktari, Kibada si ya kwanza na sitadanganya. Mbwa wa kifua kirefu kama shepadi hupata tatizo la tumbo kujaa hewa na kujipinda: tumbo linavimba, anajaribu kutapika hakitoki kitu, hatulii. Ni upasuaji ndani ya masaa machache au ni kifo. Madale iko karibu zaidi na madaktari ninaowajua, ingawa mchana hakuna gari wala dereva nyumbani. Kibada tulipata dereva wa bajaji wa mtaani aliyekubali kubeba mbwa, na tukampandisha Jeki kwa majaribio, maana dereva akimkataa siku ya dharura utakuwa umechelewa. Ili kupunguza hatari yenyewe, Jeki anakula mara mbili kwa siku, kidogo kidogo, na hakimbizwi baada ya kula.

Kwa chakula mama wa Kibada anaongoza bila mpinzani: ugali wa dona na dagaa, mapupu siku nyingine. Nilimwomba mambo mawili tu, asiweke vitunguu, kwa sababu vinaharibu damu ya mbwa, na asimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, kwa kuwa inapasuka vipande vyenye ncha.

Kuhusu umri wa mzee, mtoto wake wa Mbagala amesaini karatasi pamoja naye. Wakishindwa kwa sababu yoyote, Jeki anarudi kwangu, haendi kwa mtu wa tatu.

Jeki angekuwa na miaka miwili ningechagua Madale, kwa sharti la mikeka na la mtu mwingine wa kushinda nyumbani, kwa sababu kijana wa namna hiyo angemburuta mzee wa watu. Angekuwa ameshamng'ata mtu, hakuna kati ya hizi nne ambayo ningempeleka bila kwanza kumwonyesha kwa daktari wa mifugo na kuwaambia ukweli wote wanaompokea. Kuficha historia ya mbwa ni kumwekea mtego yeye na watoto wa wenzako.

Kumkabidhi

Tulivuka daraja la Kigamboni Jumamosi asubuhi na mapema, kabla ya jua. Alikwenda na godoro lake lenye harufu yetu, halikufuliwa makusudi, chakula chake cha wiki moja, kadi ya chanjo, na kola yenye namba ya simu ya mzee na yangu. Niliwaomba wasimwogeshe siku za mwanzo, wasiite wageni kuja kumwona, na kwa wiki mbili asitoke getini bila kamba hata kama amekuwa mtulivu. Wanaohamisha mbwa wazima huhesabu hivi: siku tatu za kushangaa, wiki tatu za kujifunza taratibu za nyumba, miezi mitatu ya kuamini kwamba hapa ni kwao.

Jumapili hakula. Jumatatu alikula nusu na kulala getini, pua kwenye uwazi wa chini, kama alivyokuwa Goba. Mzee alipeleka kigoda chake pale pale getini, akakaa kusikiliza redio.

Jumatano jioni mama alinipigia. "Mwanangu, leo ameacha geti. Amelala mlangoni kwa jikoni, nikitaka kupita inabidi nimruke."

Nikamwambia asimruke, amwite kwa jina, atasogea.

"Jeki," aliita, simu ikiwa bado sikioni. Nikasikia kucha zikikwaruza sakafu ya saruji, taratibu, halafu sauti ya sufuria ikiendelea.